Kumtenganisha pacha wa Antares, ukiwa Tabora

Gawanya 116 kwa upana wa kioo cha darubini yako kwa milimita, upate umbali mdogo kabisa kati ya nyota mbili unaoweza kutenganishwa. Kanuni hii ya Dawes inakipa kioo cha milimita 114 sekunde 1 ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja). Pacha wa Antares, ile nyota nyekundu ya kundi la Nge, yuko sekunde 2.6 kutoka kwake, kwa hiyo kwenye karatasi kazi ni nyepesi. Lakini kanuni imetungwa kwa nyota zinazolingana mwanga, na Antares inamzidi pacha wake zaidi ya mara 50.

Toa darubini nje jua likiwa bado halijazama. Kioo chenye joto la chumbani hupasha hewa ndani ya bomba, na nyota ikatetemeka hata anga ikiwa tulivu. Isimamishe kwenye udongo au nyasi, si kwenye saruji, wala usiilenge juu ya paa la bati la jirani. Bati na saruji huendelea kutoa joto la mchana. Moshi mwembamba wa kiangazi usikutishe: anga tulivu yenye utusitusi hufaa kuliko anga safi yenye upepo.

Sasa pima kama vioo vimelingana. Chagua nyota angavu iliyo juu, kuza mara 150 (urefu wa fokasi wa milimita 900 ukigawanywa kwa lenzi ya jicho ya milimita 6), kisha vuruga fokasi kidogo. Miduara ya mwanga inayotokea ikiegemea upande mmoja, zungusha skrubu za kioo kikubwa kidogo kidogo, robo mzunguko au chini yake, ukirudisha nyota katikati kila mara. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, halafu wanailaumu darubini.

Katikati ya Julai, anza na Acrux, chini ya Msalaba wa Kusini, kabla haijainama sana magharibi: jozi yake iko sekunde 4. Alpha Centauri, jozi nyingine, hufika juu kusini mnamo saa mbili usiku, nyuzi 34 tu kutoka upeo wa macho. Antares hupita nyuzi 68 hivi karibu na saa nne kasoro robo, palipo na hewa chache zaidi ya kupenya.

Hata hivyo, jaribu Antares mapema pia, kama saa moja na robo jioni, mwanga wa machweo ukipunguza mng'ao wake. Zima mota inayoifanya darubini ifuate nyota, uache nyota ipite: upande inakotokomea ni magharibi, na pacha yuko huko huko, akitangulia. Mtafute kama nukta ya kijani kibichi hafifu iliyoshikana na wekundu.

Kwenye darubini ya vioo, miale minne inayosababishwa na mikono ya kioo kidogo inaweza kumfunika. Mwale ukiangukia magharibi, legeza pete zinazoshika bomba, lizungushe nyuzi 20 hivi, kisha angalia tena. Nukta ikizunguka pamoja na bomba, hiyo si nyota.