Jinsi ya kupata na kusoma takwimu za utabiri wa mataifa mengine kwa matumizi ya Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni kwa ajili ya maafisa ugani, watunza takwimu wa vyama vya ushirika na wanafunzi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaotaka kutumia moja kwa moja takwimu za utabiri zinazokokotolewa na kompyuta kubwa za nje ya nchi. Takwimu hizo ni halali kuzitumia, na nyingi hazilipiwi. Kazi iliyo ngumu ni kuzishusha kutoka kwenye gridi ya dunia nzima, yaani mtandao wa miraba mikubwa, hadi kwenye shamba la viazi la Uporoto au la chai huko Tukuyu bila kuzipotosha njiani.

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini zinapatikana. Kipimo kinachochukuliwa katika kituo cha hali ya hewa cha Mbeya au Iringa hupelekwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kisha hupitia kituo cha mawasiliano cha kikanda cha Nairobi na kuingia katika mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO), ambako nchi wanachama hukichukua. Modeli ya kompyuta, yaani programu inayokokotoa mwenendo wa anga, haiwezi kukokotoa hali ya kesho isipojua hali ya leo, na hakuna taifa, hata liwe na kompyuta kubwa kiasi gani, linaloweza kupima anga la dunia peke yake. Azimio la 40 la WMO la mwaka 1995 liliweka kanuni kwamba takwimu za lazima zibadilishanwe bure na bila vizuizi, na mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa shirika hilo ulipitisha sera moja inayojumuisha hali ya hewa, tabianchi, maji, bahari na nyanja nyingine zinazohusiana. Kwa hiyo anayezichukulia takwimu hizi kuwa msaada hajauelewa mpango wenyewe: sisi tunachangia vipimo na tunapokea utabiri, na kituo chetu kikinyamaza, utabiri wa eneo letu nao hudhoofika.

Kwa watabiri wa serikali ipo njia rasmi inayoshuka kwa ngazi. Vituo vya dunia hutoa modeli, vituo vya kikanda kama Pretoria na Nairobi huzichambua na kutoa mwongozo wa hali mbaya ya hewa, kisha taasisi ya kila nchi huamua itangaze nini kwa wananchi wake. Msomaji wa kawaida hapiti huko, bali huchota kwenye seva zilizo wazi.

Seva za kuanzia ni mbili. Ya kwanza ni ya Marekani, inayotoa modeli ya GFS mara nne kwa siku, ikitazama hadi siku 16 mbele. Ya pili ni ya Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Muda wa Kati, ECMWF, ambacho hutoa takwimu huria chini ya leseni inayokuruhusu hata kuzitumia kibiashara mradi utaje chanzo. Zote mbili hutolewa katika gridi ya nyuzi 0.25 za latitudo na longitudo. Huduma ya hali ya hewa ya Ujerumani nayo imeiweka wazi modeli yake ya ICON, lakini anayeanza asijitwishe mizigo mitatu kwa pamoja.

Majira ya modeli huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kila ukokotoaji huitwa mzunguko na hupewa jina la saa unayoanzia: mzunguko wa 00 ni saa 9 usiku kwetu, wa 06 ni saa 3 asubuhi, wa 12 ni saa 9 alasiri na wa 18 ni saa 3 usiku. Ukokotoaji huchukua muda, hivyo GFS ya saa 9 usiku huanza kupatikana kunako saa 12 na nusu asubuhi, na ya ECMWF huchelewa zaidi ya hapo.

Usipakue dunia nzima, maana bando litaisha kabla ya faili la kwanza. Seva ya GFS ina ukurasa wa kuchuja ambapo unachagua vigezo unavyovihitaji, kwa mfano mvua na joto la mita 2 juu ya ardhi, halafu unaweka mipaka ya eneo. Kwa Mbeya, Njombe na Iringa weka latitudo kutoka -11 hadi -6.5 na longitudo kutoka 32.5 hadi 37. Alama ya kutoa isisahaulike, kwa kuwa latitudo 8.9 bila alama hiyo inakupeleka karibu na mpaka wa Sudan Kusini na Ethiopia, na tarakimu utakazopata zitafanana kabisa na za kweli. Faili huja katika GRIB, muundo maalumu wa takwimu za hali ya hewa, ambao programu ya ramani ya QGIS huufungua bila gharama.

Ukishalifungua, shughulika na vizio kabla ya jambo lolote. Joto huandikwa kwa Kelvini; QGIS kwa kawaida huligeuza yenyewe kuwa nyuzi za Selsiasi, lakini ukiona tarakimu kama 290, ondoa 273.15. Mvua ndiyo yenye mtego. ECMWF huiandika kwa mita, na huijumlisha tangu mwanzo wa mzunguko, kwa maana kwamba tarakimu ya saa ya 30 ni mvua yote iliyokokotolewa tangu saa sifuri. GFS huiandika kwa kilo kwa mita ya mraba, ambayo ni sawa na milimita, lakini jumla yake huanza upya kila baada ya saa sita, hivyo soma lebo ya kila rekodi uone inaanzia na kuishia saa ngapi.

Kipima mvua chetu husomwa saa 3 asubuhi, yaani saa 06 ya UTC. Basi ukitaka kulinganisha modeli na kipimo kwa haki, chukua mzunguko wa 00, kisha kwa ECMWF toa tarakimu ya saa ya 6 kutoka kwenye ile ya saa ya 30, na kwa GFS jumlisha vipindi vya saa ya 6 hadi ya 30. Tuseme faili la ECMWF linaonyesha 0.002 kwa saa ya 6 na 0.021 kwa saa ya 30: tofauti ni 0.019 ya mita, yaani milimita 19, na hiyo ndiyo inayopaswa kusimama kando ya kipimo utakachosoma kesho yake asubuhi. Anayechukua saa sifuri hadi 24 anailinganisha mvua ya siku moja na ya siku nyingine kwa sehemu, kisha anailaumu modeli.

Sasa tuje kwenye milima, ambako makosa mengi ya ukanda wetu hutokea. Mraba mmoja wa nyuzi 0.25 una upande wa kilomita 28 hivi. Ndani ya upana huo jiji la Mbeya, lililo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, linaweza kuchanganywa na kilele cha Mbeya kinachopita mita 2,800 na bonde la Songwe lililo chini kwa mamia ya mita, na vyote vikapewa mwinuko mmoja wa wastani. Kila modeli ina ramani yake ya mwinuko wa ardhi. Ipakue mara moja, uihifadhi, na ulinganishe mwinuko wa mraba wako na mwinuko wa shamba lenyewe. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja ya kupanda. Mraba ukiwa na mita 1,900 na shamba la Makete likiwa na mita 2,300, tofauti ya mita 400 inakudai uondoe nyuzi 2.6. Modeli ikisema nyuzi 4 alfajiri ya Julai, hesabu 1.4. Hata hapo usitulie, kwa sababu katika usiku mkavu usio na upepo wala mawingu hewa baridi hutelemkia mabondeni, na majani yaliyo karibu na ardhi huwa na baridi kuliko hewa ya mita 2 juu yake. Sakitu inaweza kuanguka ilhali faili linaonyesha juu ya sifuri.

Mvua haina kanuni rahisi kama hiyo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwa sababu hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa hupandishwa na miteremko ya Rungwe, wakati nyanda za Usangu, upande wa pili wa milima, hazifikii hata nusu ya kiasi hicho. Gridi pana huisawazisha tofauti hii: hupunguza mvua ya Tukuyu na kuiongeza ya Mbarali, huko Usangu. Dawa yake ni daftari. Katika msimu wa Novemba hadi Aprili andika kila siku utabiri na kipimo katika safu mbili zinazokabiliana, na misimu ikiongezeka utaona modeli inapunguza au kuzidisha kwa kiwango gani mahali pako hasa.

Kwa uamuzi wa kupanda, mstari mmoja wa utabiri hautoshi. ECMWF hurudia ukokotoaji mara 51 huku ikibadilisha kidogo hali ya mwanzo. Marudio 40 kati ya 51 yakionyesha angalau milimita 20 ndani ya siku tano, una uwezekano wa takriban asilimia 78, na mkulima anastahili kuelezwa hivyo badala ya kuambiwa kwamba mvua itanyesha.

Matokeo yako yatumie katika mashauri ya shamba, kwenye kikundi chako au chama chako. Tahadhari za mvua kubwa, upepo mkali na mafuriko ni za TMA, na zikipishana na hesabu yako, fuata zao. Daftari lako likikamilisha msimu, peleka nakala katika ofisi ya kanda ya mamlaka hiyo, kwa kuwa vipimo vya Makete, Kilolo au Mbarali vinaweza kuwasaidia watabiri kupima modeli zao mahali ambapo vituo ni vichache.