Somo: Kupima kama kufuli la virusi vya kale limelegea

Takriban asilimia 8 ya jenomu yetu, yaani DNA yetu yote, ni mabaki ya retrovirusi, virusi vinavyojichomeka kwenye DNA, vilivyoingia kwenye mbegu na mayai ya mababu mamilioni ya miaka iliyopita. Seli huyanyamazisha hivi: protini zenye vidole vya zinki huutambua mfuatano wa virusi na kuushika, kisha huita protini nyingine, TRIM28. Hiyo nayo huleta SETDB1, kimeng'enya kinachobandika methili tatu (alama ndogo za kemikali) kwenye lisini ya 9 ya histoni H3, mojawapo ya protini zinazoviringiwa na DNA, na kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, hapo hubana. Katika seli zilizokomaa, methili zilizo juu ya DNA yenyewe hubeba mzigo mkubwa wa ukimya huo. Hizo ndizo tutakazoziondoa.

1. Panda seli chache, zipate nafasi ya kugawanyika. Desitabini, dawa tutakayotumia, ikishaingia kwenye DNA mpya humnasa DNMT1, kimeng'enya kinachonakili methili kwenye DNA hiyo. Seli isiyogawanyika haitakuonyesha kitu.

2. Weka desitabini nanomola 300, ukiibadilisha kila siku kwa siku 3, maana huharibika upesi majini. Sahani ya pili itiwe kiyeyushi tu. Vaa glavu.

3. Siku ya 5 hadi ya 7, toa RNA.

4. Hapa ndipo wengi huharibu. Mabaki haya yana nakala nyingi mno kwenye jenomu, hivyo DNA kidogo tu iliyosalia hujifanya RNA. Ikate kwa DNazi, kimeng'enya kinachokata DNA, kisha kila sampuli iwe na pacha asiyetiwa kimeng'enya cha kunakili RNA kuwa DNA. Kwenye PCR, yaani kuizidisha DNA maradufu kila mzunguko ili kuipima, pacha achelewe angalau mizunguko 7: mara 128, yaani uchafu usiofika asilimia 1.

5. Linganisha na jeni mbili zisizoguswa na dawa.

Maswali ya wanachama

Ishara imepanda mara 10. Nakala ipi imeamka?
Bado hujui. Praima zako, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR, zinashika ukoo mzima. Soma RNA kwa vipande virefu. Vifupi huangukia nakala kadhaa zinazofanana.

Mbona jeni za interferoni, za kujikinga na virusi, nazo zimepanda?
RNA za nyuzi mbili kutoka kwenye mabaki hayo hunaswa na MDA5, protini inayogundua RNA ya virusi, na seli hujihami kana kwamba imevamiwa upya. Ni dalili njema kwamba kufuli limefunguka.

Seli za kondo la nyuma zinatoa RNA nyingi za HERV-W, ukoo mmoja wa mabaki haya, hata bila dawa. Nimekosea?
Hapana. Sinsitini-1, protini inayounganisha seli za kondo, hutoka kwenye ukoo huohuo. Chagua seli nyingine za kulinganishia.