Kupanga mtaa na kichochoro cha kutembea kwa miguu

Anza na upana. Miti na mabenchi baadaye. Pima njia iliyo wazi kabisa, bila kuhesabu nguzo wala ngazi za milango. Mita 1.8 zinatosha viti viwili vya magurudumu kupishana. Ikishuka chini ya 1.5, watu watatembea barabarani tu.

Kibao peke yake hakipunguzi mwendo wa magari. Umbo la barabara ndilo linalopunguza. Finya njia ya gari, ipindishe kila mita 30 hadi 50 kwa mti au kitanda cha maua, na kaza kona, kwani kona pana humruhusu dereva akate bila kugusa breki. Ila waulize kwanza zimamoto gari lao linahitaji nafasi kiasi gani.

Kichochoroni, adui ni maji. Weka mteremko wa asilimia 2 kutoka kutani kuelekea mfereji wa katikati, la sivyo misingi ya nyumba italowa. Matundu ya kifuniko cha mfereji yasizidi upana wa milimita 13, na yakate njia kwa upande: yakifuata mwelekeo wa mwendo, gurudumu dogo litanasa.

Benchi likae kivulini, likitazama milango.