Maji Yakishatokota, Punguza Moto

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huku ina shinikizo dogo, maji huchemka yakifika nyuzijoto 94 hivi za Selsiasi, wala si 100 kama kule Mombasa. Anayepika githeri (mahindi na maharagwe) na kuongeza moto wakati maji tayari yanatokota anapoteza gesi bure, kwa sababu joto hilo la ziada halipandishi kipimo hata kidogo, bali hutumika kuzitenganisha molekuli, ambazo katika kimiminika hushikana huku zikiteleza, mpaka zitoroke zikiwa mvuke. Sufuria hukauka upesi, lakini maharagwe hayaivi mapema. Punguza moto, kisha ufunike.

Sufuria ya presha ni bora zaidi (bei yake huuma, nakubali), kwa kuwa mvuke uliofungiwa huyakandamiza maji hata yakapita nyuzi 110. Usiufungue mfuniko kabla mvuke haujaisha, kwani shinikizo likishuka ghafla, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni.