Somo: Kutundika bendera ya Marekani kwa sisi wenye watoto jeshini

Wiki mwanangu alipoingia depo, nilitundika bendera dirishani hapa Texas nikiwa sebuleni, nyota kushoto kwangu. Jioni jirani yetu, mzee mwanajeshi mstaafu, akabisha hodi, kofia mkononi. Hakunilaumu. Alinitoa hadi barabarani akaniambia nitazame: nyota zilikuwa kulia. Tukaigeuza pamoja. Basi naanzia hapo.

1. Mtazamaji ni mpita njia, si wewe uliye ndani. Buluu yenye nyota 50 ikae juu, kushoto kwa aliyesimama nje. Ukitaka kuining'iniza wima, usiizungushe tu, maana nyota zitahamia kulia. Igeuze upande wa pili.

2. Mlingotini, pandisha upesi, shusha taratibu. Itoe jua likichomoza, iingize likizama. Ukitaka ikeshe, iwekee taa. Mvua ikija iingize, isipokuwa ile iliyotengenezwa kuhimili hali zote za hewa.

3. Memorial Day, siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa kazini, Jumatatu ya mwisho ya Mei, ifikishe kwanza kileleni ndipo uishushe nusu mlingoti. Saa sita mchana irudi juu.

4. Kukunja kunataka watu wawili. Ikunjeni kwa urefu mara mbili, buluu ibaki nje. Mmoja aishike imara upande wa nyota, mwenzake aanze pembetatu upande wa mistari. Mwanangu alipokuja likizo tulikunja naye. Kila pembetatu aliipitishia kiganja polepole, kama anamlaza mtoto. Mwisho unachomeka ncha ndani, usibaki hata uzi mwekundu unaoonekana.

MASWALI

Shikamoo mama. Mume wangu anataka na ya Tanzania iwepo. Inafaa?
— Marahaba mwanangu. Inafaa sana. Kila moja na mlingoti wake, urefu sawa, ukubwa unaokaribiana; msiziweke kamba moja, hii juu ya ile. Hapa Marekani, yao inakaa kushoto kwa mtazamaji.

Dada, ile nyeupe yenye nyota ya buluu ni ya nani?
— Ni ya familia. Aliibuni Robert Queisser, kapteni wa Ohio mwenye wana wawili jeshini, mwaka 1917. Nyota moja kwa kila mmoja wenu aliye jeshini wakati wa vita au mapigano. Hukaa ndani, dirishani. Ukiona nyota ya dhahabu, nyumba hiyo imefiwa. Bisha hodi ukawape pole.

Chama cha wenye nyumba mtaani kwetu kinanikataza.
— Sheria iliyotiwa saini mwaka 2006 haiwaruhusu kukukataza kwenye nyumba yako, ila wanaweza kupanga mahali na namna. Kama wewe ni mpangaji, soma mkataba.

Yangu imechakaa, mama, nifanyeje?
— Usiitupe jalalani. Ipeleke American Legion, chama cha wanajeshi wastaafu, huzichoma kwa heshima, hasa Juni 14, Siku ya Bendera. Ile yangu ya kwanza, niliyoigeuza na mzee, imechanika ukingo. Nimeshaikunja, iko kabatini inasubiri tarehe hiyo, na mzee ameniomba twende wote.