Kumsimulia Barbara Jordan kwa dakika tano

Nafundisha wasichana mdahalo hapa Kondele, Kisumu, na kila muhula kuna anayepewa kusimulia maisha ya kiongozi wa nje. Ukipewa Barbara Jordan, mwanasheria na mwanasiasa Mweusi wa Marekani, usianze na "alizaliwa". Anza na meza.

Ni meza ya kulia chakula, nyumbani kwa wazazi wake, Houston, Texas. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1959, na aliporudi, meza hiyo ikawa ofisi yake ya kwanza. Kaa hapo kidogo. Wasikilizaji wazione sahani zikiondolewa, faili zikiwekwa. Mwanafunzi wangu mmoja alipofika hapa aligusa dawati kwa kiganja, polepole, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Kisha taja kushindwa kwake bila haya: aligombea bunge la jimbo mwaka 1962, akashindwa, 1964, akashindwa tena. Mwaka 1966 akachaguliwa Seneti ya Texas, sehemu ya bunge la jimbo hilo, mwanamke Mweusi wa kwanza kuingia humo. Wengi huteleza hapa, wakamwita seneta wa Washington. Eleza kwamba kila jimbo la Marekani lina bunge lake, mfano wa bunge la kaunti kwetu, ila lenye mamlaka makubwa zaidi. Washington alikwenda baada ya uchaguzi wa 1972, akiwa mbunge wa bunge la taifa.

Sauti yake ilikuwa nzito, ya taratibu. Usiiige. Punguza tu mwendo, na tarehe ziandike kwenye kikaratasi kimoja kinachotosha mkononi.