Namna ya Kutumia Neno "Sorry" kwa Usahihi

Kiswahili kina "pole" kwa aliyepatwa na jambo na "samahani" kwa aliyekosewa. Kiingereza hubeba yote mawili kwa neno moja, "sorry", na anayetaka kulitumia vizuri hana budi kujua kwanza ni lipi kati ya hayo mawili analolisema, kisha aijenge sentensi yake ili msikilizaji naye alijue.

Asili ya neno hili inasaidia sana kulielewa. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", yaani mwenye maumivu au mwenye huzuni, nalo lilitokana na "sar", maumivu au jeraha, ambalo leo ni "sore". Wengi hudhani kwamba lina shina moja na "sorrow", lakini shina la neno hilo ni jingine, ingawa kufanana kwa maana kumeyasogeza matamshi ya "sorry" karibu na ya "sorrow". Kwa hiyo anayesema "I am sorry" husema, kwa asili, kwamba moyo unamuuma. Kuomba radhi ni matumizi yaliyojengeka juu ya maana hiyo, na ndiyo maana neno lenyewe, likisimama peke yake, halikiri kosa lolote.

Utata huo uliwahi kumaliza mgogoro wa mataifa mawili. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, alipoteza maisha, na Wamarekani 24 waliotua kisiwani humo wakazuiliwa kwa siku 11. China ilitaka iombwe radhi, nayo Marekani haikutaka kukubali kosa. Barua iliyowafungulia mlango ilisema "very sorry" mara mbili: kwa kifo cha rubani, na kwa ndege kuingia na kutua bila ruhusa ya mdomo. Beijing iliwatangazia wananchi wake kwamba imeombwa radhi, ilhali Washington ilishikilia kwamba imeonyesha masikitiko tu.

Sasa tuje kwenye sarufi. "Sorry" ni kivumishi, hivyo katika sentensi kamili huhitaji kitenzi: sema "I am sorry", usiseme "I sorry". Kosa linalosikika kila siku maofisini ni "sorry for late". Baada ya "for" panahitajika jina au kitenzi chenye "-ing", kwa hiyo sahihi ni "sorry for being late" au, kwa wepesi zaidi, "sorry I am late". Ukipata habari mbaya, sema "I am sorry to hear that". Kwenye msiba, "I am sorry for your loss" inatosha, na mfiwa hujibu "thank you". Angalia pia kwamba "I feel sorry for him" maana yake ni kumwonea mtu huruma, wala si kumwomba radhi.

Si kila "pole" inayotafsirika. "Pole na kazi" na "pole na safari" hazina "sorry" yake; mgeni aliyetoka safari muulize "how was your journey?", naye atahisi umemjali. Vivyo hivyo, ukimwambia Mwingereza aliyejikwaa "sorry", kama tunavyofanya Afrika Mashariki, huenda akajibu kwamba kosa si lako, maana amesikia "samahani". Mwulize "are you all right?" na utakuwa umempa pole yake. Unapoomba njia au unapotaka kumsimamisha mtu, tumia "excuse me", na "sorry" uiache kwa wakati umeshamkanyaga. Likitamkwa kwa sauti inayopanda mwishoni, neno hilo huwa ombi la kurudiwa: sikusikia, tafadhali rudia.

Katika barua rasmi, ikiwa kosa ni lako, mimi hushauri kitenzi "apologise", kwa kuwa hakiachi shaka, kisha taja tendo lenyewe: "I apologise for sending the report late." Epuka "I am sorry if you were offended", kwa sababu "if" hiyo inatia shaka kama kosa limetokea, na aliyeumizwa huisikia mara moja.